"Dawa ya Zinki" ni Dawa Gani? Istilahi za Protini zenye Zinki na Dawa Zinazozilenga

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele yetu mara kwa mara ni miswada ya vijikaratasi vya maelezo ya dawa, ambavyo watafsiri hutuomba tuvisome kabla havijapigwa chapa. Katika muswada mmoja, uliohusu vidonge vya kuteremsha shinikizo la damu, tulikuta maneno haya: "Hii ni dawa ya zinki, hushambulia zinki iliyomo mwilini." Mtafsiri hakuwa mzembe. Alikuwa ameelezwa, na ni kweli, kwamba dawa ile hufanya kazi kwa kuishika zinki iliyomo ndani ya protini fulani.

Lakini na tumfikirie bibi anayepokea kijikaratasi hicho siku ile ile ambayo mjukuu wake, anayeharisha, ameandikiwa vidonge vya zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto yalipendekeza kwamba mtoto anayeharisha apewe zinki miligramu 20 kwa siku, kwa muda wa siku 10 hadi 14, na mtoto aliye chini ya miezi sita apewe miligramu 10. Kwa kauli ya muuguzi, basi, zinki ni dawa ya mtoto. Kwa kauli ya kijikaratasi, zinki ni adui anayeshambuliwa. Na vidonge vyote viwili vyaitwa "dawa ya zinki". Bibi huyo akiogopa, au akivichanganya, lawama haitakuwa yake. Itakuwa yetu sisi tuliompa jina moja kwa vitu viwili vinavyopingana.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi protini zenye zinki ni nini, kwa nini watengenezaji wa dawa huzilenga, na ni istilahi zipi zitakazomwezesha mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuyaeleza mambo hayo bila kumpoteza msomaji.

2. Zinki na kazi yake mwilini

Zinki ni metali. Wengi wetu huiona kila siku bila kuitambua, maana mabati tunayoezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Yafaa tutenganishe mapema maneno ambayo aghalabu huchanganywa. "Metali" ni jina la kundi zima. "Chuma" ni metali moja tu katika kundi hilo. "Madini" ni vitu vinavyochimbwa ardhini, na wataalamu wa lishe hulitumia neno hilo wanapotaja zinki, chuma na chokaa ya vyakula. Mtu akiandika "protini yenye chuma" akiwa na maana ya protini yenye metali yoyote, amekwisha kumpeleka msomaji kwenye protini nyingine kabisa, kama ile ibebayo oksijeni katika damu. Ama "sinki" ni beseni la kuoshea vyombo, nalo limekwisha kuingia katika miswada zaidi ya mmoja kwa kosa la upigaji chapa.

Mwili wa mtu mzima una gramu 2 hadi 3 tu za zinki. Kiasi hicho hakielei ovyo. Karibu chote kimeshikwa ndani ya protini. Wataalamu wamekadiria kwamba katika kila protini 10 za binadamu, ipatayo moja hushika zinki, yaani protini zipatazo 3,000. Katika protini hizo zinki ina kazi mbili kuu. Kazi ya kwanza ni kutenda: zinki hukaa pale hasa ambapo badiliko la kikemia hufanyika, nayo hulisukuma badiliko hilo. Kazi ya pili ni kushikiza: zinki huyafunga pamoja mafundo ya protini ili umbo lake lisilegee, kama kishikizo kifungavyo vazi. Twapendekeza zinki ya namna ya kwanza iitwe "zinki tendaji", na ya namna ya pili iitwe "zinki shikizi".

3. Tatizo la A-unganifu

Chanzo cha mkanganyo tulioutaja hakiko katika kemia, bali katika sarufi yetu. Kiunganishi chetu cha -a ni kitumishi hodari mno, na kwa sababu hiyo hubebeshwa mizigo mingi kwa wakati mmoja. Tazama:

dawa ya meno – ya kusafishia meno;
dawa ya mbu – ya kufukuza au kuua mbu;
dawa ya miti – iliyotengenezwa kwa miti;
dawa ya maji – iliyo katika hali ya maji;
dawa ya mtoto – aliyoandikiwa mtoto.

Uhusiano hapa ni wa aina tano, na kiunganishi ni kile kile. Katika mazungumzo ya kila siku hatupotei, kwa kuwa tunaijua dunia tunayoizungumzia. Hakuna adhaniye kwamba dawa ya mbu huwatibu mbu. Lakini katika taaluma mpya msomaji hana ujuzi wa kumwokoa. "Dawa ya zinki" yaweza kuwa dawa iliyotengenezwa kwa zinki, au dawa ya kutibu upungufu wa zinki, au dawa ya kupinga zinki. Istilahi inayomtaka msomaji awe anajua jambo tayari ndipo ailewe bado haijaifanya kazi ya istilahi.

Kwa bahati njema, lugha yetu ina vyombo vingine viwili. Cha kwanza ni -enye, ambacho huonyesha kumiliki na hakionyeshi kupinga: "protini yenye zinki" haina maana ya pili. Cha pili ni ule muundo wa ki- pamoja na kitenzi na mtendwa wake, ambao wazee wetu waliutumia zamani sana kabla ya kuwapo baraza lolote la lugha: kifunguakinywa, kifunguamimba, na katika siku za karibuni kinasasauti. Hapana aulizaye kama kinasasauti hunasa sauti au hunaswa nayo, maana kitenzi kimo ndani ya jina. Muundo huu ndio tunaoupendekeza kwa dawa zote zinazopinga kazi ya protini: "kizuia" kikifuatwa na jina la protini inayozuiwa. Tumelichagua "kizuia" badala ya "kizuizi" kwa sababu kizuizi chaweza kusimama peke yake, kama kizuizi cha barabarani, bali kizuia hudai kutajiwa kinachozuiwa. Dai hilo ndilo tunalolitaka.

4. Kimeng'enya na mifano miwili

Protini nyingi zinazolengwa na dawa ni vimeng'enya. Neno hili limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula, na mwanafunzi akilisikia hudhani kwamba kila kimeng'enya huvunja kitu. Sivyo. Vipo vimeng'enya vinavyounganisha, na vipo vinavyogeuza. Hatudhani kwamba neno libadilishwe, kwani limekwisha kuenea. Lakini mwalimu hana budi kusema waziwazi kwamba maana yake imepanuka, kama ilivyopanuka maana ya maneno mengi mengine.

Mfano wa kwanza ndio huo hasa. Katika damu yetu kimo kimeng'enya kiitwacho anhidrasi ya kaboniki, ambacho huiunganisha kabonidayoksaidi, yaani hewaukaa, na maji. Chembe moja ya kimeng'enya hicho huweza kulifanya badiliko hilo mara zipatazo milioni moja kwa sekunde. Mwaka 1940 Keilin na Mann, huko Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba kina zinki; nacho kikawa kimeng'enya cha kwanza kujulikana kuwa na metali hiyo. Zinki yake imeshikwa na asidi amino tatu za aina ya histidini, na nafasi ya nne hukaliwa na maji. Dawa ya asetazolamidi, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1950, huikalia nafasi hiyo ya nne na kuyatoa maji. Badiliko husimama. Katika jicho, kusimama huko hupunguza utengenezaji wa majimaji ya ndani, na shinikizo la jicho hushuka. Ndiyo sababu dawa hiyo hutumiwa kwa maradhi ya glakoma. Dawa hiyo hiyo hupewa aghalabu watu wanaopanda Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ili kuwakinga na maradhi yanayowapata wapandao haraka mahali palipo juu sana.

Mfano wa pili ni kile kimeng'enya kilichotajwa katika muswada wetu. Jina tunalolipendekeza ni "kigeuza-anjiotensini". Kazi yake ni kuikata anjiotensini ya kwanza, yenye asidi amino 10, na kuondoa mbili za mwishoni. Inayobaki, yenye asidi amino 8, huibana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Mwaka 1965 mtaalamu wa Brazili, Sérgio Ferreira, alitangaza kwamba sumu ya nyoka wa huko aitwaye Bothrops jararaca ina vitu vinavyozidisha nguvu za bradikinini, kemikali ya mwilini inayoteremsha shinikizo la damu. Baadaye ilidhihirika kwamba vitu hivyo hukizuia pia kigeuza-anjiotensini. Huko Marekani, David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb walifahamu kwamba kimeng'enya hicho kina zinki, lakini umbo lake halikuwa likijulikana. Wakaazima mfano wa kimeng'enya kingine chenye zinki, kaboksipeptidasi A, ambacho hukata asidi amino moja ya mwishoni na ambacho umbo lake lilikuwa limekwisha kuchorwa. Walifikiri kwamba ikiwa huyu hukata moja na yule hukata mbili, basi yamkini zinki imekaa mahali panapolingana, ila nafasi ya yule ni ndefu zaidi. Wakatengeneza molekuli ndogo yenye urefu uliofaa na yenye salfa mwishoni, kwa kuwa salfa hushikana vizuri na zinki. Hiyo ndiyo kaptoprili, iliyoruhusiwa kutumiwa Marekani mwaka 1981. Umbo la kigeuza-anjiotensini chenyewe halikuonekana hadi mwaka 2003; dawa ilitangulia picha kwa zaidi ya miaka 20.

Msomaji ataona sasa kosa la ule muswada. Kaptoprili haikukusudiwa kuiondoa zinki mwilini. Huishika zinki moja, iliyo katika kimeng'enya kimoja, mahali pamoja. Sentensi iliyofaa ni hii: "Dawa hii ni kizuia-kigeuza-anjiotensini, hukizuia kimeng'enya kinachosababisha mishipa ya damu kubanwa." Kwa mgonjwa, zinki haina haja ya kutajwa kabisa. Kwa mwanafunzi wa famasia itatajwa, lakini kwa -enye: "kimeng'enya chenye zinki".

5. Shabaha si lengo

Katika maandishi ya taaluma hii husemwa kwamba protini fulani ni kitu "kinacholengwa" na dawa. Watafsiri wengi huandika "lengo la dawa". Hapa pana mtego mwingine wa -a. "Lengo la dawa hii ni figo" yaweza kufahamika kwamba dawa imekusudiwa kuzitibu figo, na pengine mwandishi alitaka kusema tu kwamba dawa hushika protini iliyomo katika figo. Lengo ni kusudio, nalo liko katika nia ya mtu; shabaha ni kitu kinachopigwa, nacho kiko mbele ya mpigaji. Twapendekeza "shabaha" kwa protini, na "lengo" libaki kwa tiba: shabaha ya kaptoprili ni kigeuza-anjiotensini, lengo lake ni kuteremsha shinikizo la damu.

Tofauti hii si ya mapambo. Katika miaka ya 1990 zilijaribiwa dawa za saratani, miongoni mwake batimastati na marimastati, ambazo shabaha yake ilikuwa kundi la vimeng'enya vyenye zinki vinavyoyeyusha nyuzi zinazozishikanisha seli. Shabaha ilipatikana: dawa zilishika zinki barabara. Lengo halikupatikana: wagonjwa hawakuongezewa maisha kama ilivyotarajiwa, na waliotumia marimastati wengi walipata maumivu ya viungo na misuli. Binadamu ana vimeng'enya 23 vya jamaa hiyo, na baadhi yao vina kazi njema mwilini. Dawa ikishika zinki bila kuchagua mwenye nayo, huwadhuru wasio na hatia pamoja na wenye hatia. Mwandishi anayetumia neno moja kwa shabaha na lengo hawezi kuieleza habari hiyo, wala mwanafunzi wake hataweza kuifahamu.

6. Miishio ya majina ya dawa

Majina ya kimataifa ya dawa, yanayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, hayakutungwa kiholela. Mwishio wa jina huonyesha jamaa ya dawa, kama kiambishi cha ngeli kionyeshavyo jamaa ya nomino katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba chetu hukaa mwanzoni na chao hukaa mwishoni. Dawa zinazokizuia kigeuza-anjiotensini huishia kwa -prili: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili. Jamaa ya dozolamidi na brinzolamidi, zinazoizuia anhidrasi ya kaboniki, huishia kwa -zolamidi. Zile za akina marimastati huishia kwa -mastati. Na vorinostati, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006 kwa saratani fulani ya ngozi, ina mwishio wa -inostati, wa dawa zinazozuia vimeng'enya vinavyotenda kazi juu ya histoni, protini zinazofungasha DNA.

Kwa hiyo mtoholezi asiuguse mwishio. Akiandika "kaptopri" mahali pamoja na "lisinopril" mahali pengine, ameukata ule uzi ambao mganga na mfamasia huufuata wanapotaka kujua kama mgonjwa amepewa dawa mbili za jamaa moja. Kanuni yetu ni fupi: ongeza irabu ya mwisho, na mwishio wenyewe ubaki jinsi ulivyo. Ama katika cheti cha dawa na juu ya kisanduku, jina libaki katika tahajia yake ya kimataifa.

7. Laktamasi: hapa kosa hugharimu zaidi

Bakteria wengi hujikinga na penisilini na jamaa zake kwa kutoa vimeng'enya viitwavyo beta-laktamasi, ambavyo huvunja kiini cha dawa. Ili kuvishinda, dawa huchanganywa na kizuia-laktamasi. Mchanganyiko wa amoksisilini na asidi klavulani, unaopatikana katika maduka mengi ya dawa, ni wa namna hiyo. Lakini beta-laktamasi ni za aina mbili. Nyingi hutumia asidi amino iitwayo serini. Nyingine hutumia zinki. Asidi klavulani huzizuia nyingi za zile za serini, bali hizi za zinki haiziwezi. Hata avibaktamu, iliyo mpya zaidi, haiziwezi.

Maarufu katika zile zenye zinki ni NDM-1, iliyoelezwa mwaka 2009 kutokana na bakteria waliopatikana kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa India. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imeonekana pia katika bakteria waliokusanywa Nairobi, Kenya. Kwa hiyo hili si jambo la mbali. Kijikaratasi kisemacho kwamba dawa fulani "huzuia beta-laktamasi", bila kutaja ni zipi, chaweza kumfanya tabibu aitegemee dawa isiyofaa wakati mgonjwa ana siku chache tu za kuokolewa. Twapendekeza daima kutofautisha "laktamasi zenye serini" na "laktamasi zenye zinki". Na mahali ambapo asili imetaja jumla, mtafsiri aulize kabla ya kuandika.

8. Vidole na vivunjishi

Mwaka 1985 Aaron Klug na wenzake huko Cambridge, wakichunguza protini ya chura wa Afrika Kusini aitwaye Xenopus laevis, walieleza sehemu ndogo za protini ambazo kila moja hukunjwa kwa kushikizwa na zinki moja, na ambazo hushika DNA kama vidole vishikavyo kamba. Tafsiri ya "kidole cha zinki" imekwisha kuonekana hapa na pale. Kwa masikio ya Mswahili, kidole cha zinki ni kama kijiko cha fedha: kimetengenezwa kwa zinki. Twapendekeza "kidole chenye zinki".

Hapo pana somo la mwisho. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba lenalidomidi, dawa ya saratani ya uboho na jamaa ya thalidomidi ile iliyosababisha maafa hadi ilipoanza kuondolewa madukani mwaka 1961, husababisha seli zenyewe ziziharibu protini mbili zenye vidole hivyo. Dawa haiishiki zinki tendaji, wala haizuii kazi ya kimeng'enya cha adui. Kuiita "kizuia" kungekuwa kosa. Dawa hiyo haivunji protini, huivunjisha. Kiswahili kina kauli ya kutendesha kwa ajili ya tofauti kama hiyo, nasi twapendekeza "kivunjishi".

9. Muhtasari wa mapendekezo

(a) "Vidonge vya zinki": vyenye zinki ndani yake, vya kumpa mgonjwa zinki, na si vinginevyo. Maneno "dawa ya zinki" yaepukwe kabisa.
(b) "Protini yenye zinki", "kimeng'enya chenye zinki", "kidole chenye zinki": kila mara zinki inapokuwa sehemu ya protini.
(c) "Kizuia" na jina la protini: kwa dawa inayopinga kazi ya protini.
(d) "Kivunjishi": kwa dawa inayoifanya seli iharibu protini.
(e) "Shabaha" kwa protini inayopigwa. "Lengo" kwa tiba inayokusudiwa.
(f) "Zinki tendaji" na "zinki shikizi": kwa kazi mbili za zinki.
(g) Mwishio wa jina la kimataifa la dawa usibadilishwe.

10. Hitimisho

Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa mwaka 1974, watu wamekuwa wakituuliza kama Kiswahili kinatosha kwa sayansi. Mfano wa zinki waonyesha kwamba swali hilo halikuulizwa vizuri. Neno "zinki" tulikuwa nalo, na "dawa" tulikuwa nayo tangu zamani. Kilichokosekana ni uangalifu wa kuchagua kiungo cha katikati. Msamiati hukopeka, bali uhusiano wa maneno hapana budi tuujenge wenyewe.

Mapendekezo haya bado ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wayajaribu madarasani, na watafsiri wayapime katika miswada yao, kisha watuletee hoja zao, hasa pale watakapoona kwamba neno tulilolitoa limemkwamisha msomaji. Kipimo chetu ni yule bibi mwenye vidonge viwili mkononi. Akivijua kipi ni chake na kipi ni cha mjukuu, istilahi zetu zimefaa.